Mirija Miwili

Jumatatu, 3 Machi
Nimerudi nyumbani. Koo linawasha. Walipitisha kamera mdomoni mpaka kwenye njia ya kongosho langu, ile iliyobana, wakaacha mrija mdogo wa plastiki uipanue. Miezi mitatu, kisha unatolewa. Nimeubatiza Mpangaji. Mama hakucheka. Simlaumu — dada yangu aliugua hivi hivi, naye akawekewa mrija, akatutoka akiwa na miaka kumi na minne. Mwezi ujao nami natimiza hiyo hiyo.

Ijumaa, 21 Machi
Hakuna maumivu! Nimekula nikaongeza. Ila kila nikimaliza kula, Mama ananiwekea sikio tumboni. Leo nimemuuliza anasikiliza nini. Eti ninyamaze kidogo. Nikanyamaza. Akatabasamu — hapo ndipo nilipoogopa.

Jumatatu, 2 Juni
Eksirei. Mpiga picha akanipanga upya: simama vizuri, binti. Mara ya pili, ya tatu. Kisha akamwita daktari.

Mirija miwili! Mmoja mfupi, mmoja mrefu, imelala sambamba kama watoto kitanda kimoja. Daktari akafungua faili: uliwekwa mmoja. Akatazama picha. Akafungua faili tena. Akauliza kama nimewahi kutibiwa kwingine — wapi! Mama akaugusa ule mrefu kwenye skrini, akasema wa dada ulikuwa na kona hapo mwishoni.

Kona ipo. Lakini dada alizikwa na wake!

Alhamisi, 5 Juni
Wodini, asubuhi. Daktari hana maelezo, ila hataki kubahatisha. Mrija ukikaa mno unaziba, kongosho linaharibika, na safari hii huenda nisipone. Yote itoke leo.

Muuguzi kaleta fomu, Mama asaini. Kuna nafasi ya kujaza idadi ya mirija ya kutoa. Kaandika bila kusita. Nikachungulia. Moja.

“Mama, ni miwili.”

“Najua.”

“Sasa mbona—”

“Ule mfupi utatosha. Usiwe mchoyo, mwanangu. Mwache mwenzio akae.”

Kasema kwa upole kabisa, kama vile ananiomba nisogee kidogo kwenye kochi. Nampenda Mama. Namwogopa Mama.

Naandika haraka, kitanda cha kunipeleka kinakuja. Muuguzi anauliza kama fomu imekamilika. Mama kamwambia ndiyo. Sasa muuguzi ananitazama mimi, na Mama pia, na mkono wake umeshatua juu ya tumbo langu —