Kinga Unayoikalia Garini

Nyumbani kwa dada yako,
chumba cha cherehani.
Jumapili, tarehe 9 Machi

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote. Hujambo? Kikohozi kimekuachia? Unakula, au bado unajidanganya kwa chai? Sisi hatujambo. Mama ameuacha mkongojo wake, na sasa hashikiki. Goti langu linaniuma asubuhi, ikifika mchana linasahau.

Picha yako imefika. Umekaa kwenye usukani wa gari la wagonjwa, fulana ya kuzuia risasi kifuani, unacheka kana kwamba uko harusini. Mama ameitundika sebuleni, na hakuna mgeni anayeketi kabla ya kuitazama. "Mwanangu huyo," anawaambia. "Wenzake wamekimbia, yeye anaenda kubeba majeruhi." Sipendi kukupa kichwa, lakini najivunia wewe kuliko hata yeye anavyojua.

Sasa habari za mpwa wako, Bi Kipimo wetu. Amepandishwa cheo! Pale maabarani wanapojaribu mabamba ya kuzuia risasi, yale magumu yanayotiwa ndani ya fulana, sasa ndiye mwenye sahihi ya mwisho. Juzi alikataa shehena nzima. Mwenye mali akaja juu, akapiga meza, binti yangu katulia tuli, akamfungulia mlango. Niliposikia nilisimamisha cherehani nikapiga vigelegele, mteja wangu akadhani nimechanganyikiwa.

Basi huyohuyo ndiye aliyeishika picha yako akaisogeza karibu na taa. Katika barua yako uliandika kwamba ile sehemu laini ya fulana, ya vitambaa vilivyopangwa nyuma ya bamba, ina joto, ukaitoa, na sasa unaikalia garini kama mto. Sisi tulicheka sana. Yeye hakucheka.

"Mama, mjomba ameikalia kinga yake," aliniambia.

Nilimwomba arudie maelezo mara kadhaa mpaka nikaelewa, kwa hiyo tulia nawe uelewe. Ile sehemu laini peke yake huzuia risasi za bastola. Risasi ya bunduki kubwa huipita, ndiyo maana pakawekwa bamba gumu. Kwenye lebo, herufi HG ni za bastola, RF ni za bunduki. Bamba la RF1 limejaribiwa kwa risasi za kawaida za bunduki. RF2 linaongeza risasi moja ndogo yenye chuma nchani, na usiidharau kwa udogo wake. RF3 limejaribiwa kwa ile iliyotengenezwa hasa kutoboa vyuma. Mabamba ya zamani yana namba za Kirumi badala ya herufi hizo. Wala usikimbilie namba kubwa, maana mara nyingi uzito nao huongezeka, na wewe unabeba machela kutwa nzima. Na hakuna bamba, anasema, linalozuia kila kitu.

Lakini lililomtia hofu si hilo. Kuna mabamba yaliyopata daraja lake yakiwa peke yake, na kuna yaliyolipata yakiwa na ile sehemu laini nyuma yake. Wewe mwenyewe ulinakili lebo yako ili kumtuliza Mama. Uliandika RF1, kisha ukanakili na yale maneno madogo ya chini, nadhani bila kuyasoma: livaliwe pamoja na fulana laini. Daraja hilo ni la vitu viwili, nawe umevaa kimoja.

Alichukua bamba la aina yako kazini, akaliweka mbele ya udongo wa mfinyanzi, ambao kwao husimama badala ya mwili, wakalipiga risasi. Likiwa na sehemu laini nyuma, udongo ulibonyea tu. Likiwa peke yake, risasi ilitokea upande wa pili. Siku hiyo alipita mlangoni kwangu bila salamu, na chakula hakukigusa.

Nimeogopa, mdogo wangu, sikufichi. Mama sijamwambia. Yeye anawaonyesha wageni uso wako, mimi naangalia kiti.

Najua utaleta kisingizio cha mgongo, kwamba kiti ni kigumu. Kisingizio hicho nimekimaliza. Ndani ya kifurushi hiki kuna mto wa sufi, nimeushona mwenyewe, mnene, unaingia sawasawa kwenye kiti cha gari. Bi Kipimo ameukagua kama anavyokagua vya kazini, kisha akaubandikia lebo yake na kutia sahihi: "Huu hauzuii risasi. Ni wa kukalia tu."

Wasalimie madaktari na yule mwenzako mbeba machela, umwambie naye aisome lebo yake. Mama anakubusu, shemeji yako anakusalimu, na mpwa wako anasubiri neno moja tu kutoka kwako: nimeirudisha.

Mungu akulinde mbele na nyuma. Nawe, tafadhali, vaa.

Wako akupendaye na asiyechoka kukusumbua,
Dada yako