Deki Tatu, Ukungu Uleule

KIKUNDI CHA SEBULE YA PICHA, BUZEBAZEBA

KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA TANO KILICHOFANYIKA JUMAMOSI, TAREHE 14 JUNI 2025, KATIKA SEBULE YA KIKUNDI, KUANZIA SAA 9:40 ALASIRI

(Kikao kiliitishwa saa 8:00 mchana. Aliyefika saa 8:00 mchana ni Katibu.)

WALIOHUDHURIA
1. Bw. Feliksi Ruhaza – Mwenyekiti
2. Bi. Skolastika Ntiyamila – Katibu
3. Bi. Shadia Rajabu – Mtunza vifaa
4. Bw. Erasto Gwimo – Mjumbe
5. Bi. Révérienne Inamahoro – Mjumbe
6. Bw. Thobias Ntakije – Fundi wa kikundi (aliitwa kujieleza)

WASIOHUDHURIA
1. Bw. Dismasi – kwa udhuru, yuko msibani Kasulu
2. Bw. Gahungu – bila taarifa. Wajumbe wawili walimwona Kibirizi akichagua dagaa muda huohuo wa kikao.

KUMB. NA. 1/5/2025: KUFUNGUA KIKAO

Mwenyekiti alifungua kikao kwa sala fupi na hotuba ndefu. Aliwakumbusha wajumbe kwamba sebule hii ilianzishwa miaka mitatu iliyopita ili familia za mtaa zitazame picha kwa heshima, zimekaa, badala ya kusukumana kwenye vibanda vya watu. Alitaja TV kubwa, spika tano, sabufa na mapazia meusi. Alieleza kwamba pamoja na vitu vyote hivyo, Jumamosi iliyopita walikuja watu wanne, na wawili kati yao walikuwa wamekimbia mvua.

Kumbukumbu za kikao kilichopita zilithibitishwa bila kusomwa, kwa sababu Bw. Erasto alisema muda umekwenda. Muda aliutumia yeye kuchelewa.

KUMB. NA. 2/5/2025: MALALAMIKO KUHUSU PICHA NA SAUTI

Bi. Shadia alieleza kwamba watazamaji wanalalamika picha ina ukungu kama Ziwa asubuhi ya masika. Alitoa mfano wa wiki mbili zilizopita, ambapo watu walibishana kama muuaji ni mwanamume au mwanamke mpaka picha ikaisha, na kila mtu akaenda nyumbani na muuaji wake. Kuhusu sauti, alisema waigizaji wanaongea kama wamefunikwa blanketi.

Bw. Erasto alieleza kwamba tatizo linajulikana na lina jina, nalo ni deki. Alisema kikundi kilinunua deki ya DVD kwa ushauri wa Fundi Thobias wakati dunia ilishahamia kwenye Blu-ray, na kwamba yeye akiwa Dar es Salaam aliona kwa macho yake picha ambayo unaweza kuhesabu nyusi za mtu. Wajumbe wameshasikia habari za nyusi hizo katika vikao vitatu mfululizo.

Bw. Erasto alipendekeza deki zijaribiwe leo, na ikionekana deki ya kikundi ni mbovu, Fundi aondolewe kwenye nafasi yake na aachie kibaraza cha sebule. Kwa kumbukumbu: kibaraza hicho ndipo Fundi anapotengenezea redio, pasi na simu za mtaa mzima. Kikundi kilimpa akitumie kwa muda wote atakaokuwa fundi wetu. Hana sehemu nyingine ya kazi, na ana watoto watatu wanaosoma.

Katibu aliuliza ni nani angechukua kibaraza hicho. Bw. Erasto alijibu kwamba suala hilo halipo kwenye ajenda. Katibu anafahamu kuwa shemeji yake Bw. Erasto anatafuta mahali pa kuuzia kava za simu.

Bi. Shadia aliunga mkono pendekezo kwa shingo upande, akisema mbaazi ukikosa maua husingizia jua, na Fundi asije akasingizia umeme. Fundi alipopewa nafasi ya kujitetea alisema, "Jaribuni kwanza. Mimi yangu nilishasema." Mwenyekiti alimshukuru kwa ufupi wake. Hakuna aliyemuuliza alishasema nini.

AZIMIO: Deki zijaribiwe, na hatima ya Fundi itokane na jaribio.

KUMB. NA. 3/5/2025: JARIBIO LA DEKI TATU

Deki zilizowekwa mezani zilikuwa: (a) deki ya DVD ya kikundi, (b) deki ya Blu-ray aliyoiazima Bw. Erasto mjini, ambayo hakuruhusu mtu mwingine aiguse, na (c) deki ndogo ya Bi. Shadia ya nyumbani, ambayo rimoti yake imefungwa kwa mpira.

Fundi aliomba jaribio liwe la haki: waya uleule mmoja wa HDMI, CD ileile, sauti namba ileile, na kila mjumbe akae palepale alipokaa. Alieleza kwamba mtu akibadilisha vitu vitatu kwa mkupuo hawezi kujua ni kipi kilicholeta tofauti. Wajumbe walikubali. Bw. Erasto alikubali wa mwisho.

Ulizuka mjadala kuhusu CD ya kujaribia. Bw. Erasto alitaka picha ya mapigano. Mwenyekiti alieleza kwamba tayari amekuja na CD ya harusi ya binti yake Diana, iliyofanyika Kasingirima, na kwamba harusi ina rangi zote, nyimbo, vigelegele na hotuba, hivyo inapima kila kitu. Alipokumbushwa kwamba CD hiyo ni ya saa tatu, alisema tutaangalia sehemu muhimu tu. Sehemu zote zilionekana kwake kuwa muhimu.

Deki (a) ilichezwa. Gauni la Diana lilionekana rangi ya uji wa ulezi. Mwenyekiti alisema lilikuwa jeupe, alilinunua yeye. Sauti ya mshereheshaji ilisikika kwa mbali.

Deki (b) ilichezwa. Bw. Erasto alisema tofauti ni ya wazi kabisa. Mwenyekiti aliomba aonyeshwe tofauti hiyo kwa kidole. Bw. Erasto alisogea kwenye TV, akasimama hapo kwa muda, akarudi kukaa. Gauni lilibaki uji wa ulezi.

Deki (c) ilichezwa. Uji wa ulezi.

Bi. Révérienne, ambaye hajawahi kuchangia hoja tangu ahamie kwetu kutoka Kasulu miaka miwili iliyopita, aliomba kuuliza. Mwenyekiti alimruhusu. Alisema, "Deki zimebadilika mara tatu, ukungu haukubadilika hata mara moja. Sasa mbona tunaihukumu deki?"

Mwenyekiti alimwomba afafanue. Alisema hajui mambo ya mafundi, ila nyumbani uji ukiungua mara tatu kwa wapishi watatu, mtu huangalia sufuria. Kisha alisimama, akaenda mbele ya TV, akapitisha ukucha kwenye kona ya chini ya kioo. Kona ikanyanyuka.

Ilibainika kwamba TV bado ina nailoni iliyokuja nayo kutoka dukani. Nailoni hiyo imekaa juu ya kioo miaka mitatu. Imeingia vumbi, imepauka, na ina alama za vidole vya watoto na nzi wa masika yote matatu.

KUMB. NA. 4/5/2025: SUALA LA NAILONI

Bi. Shadia alipaza sauti asiivue. Alieleza kwamba nailoni ndiyo inayoonyesha kitu ni kipya, na TV ikivuliwa nailoni mgeni akiingia atadhani tumenunua mtumba. Alikumbusha kwamba siku TV ilipoletwa, Mwenyekiti mwenyewe alitoa agizo kwamba nailoni isiguswe na mtu yeyote, na wajumbe wote walipiga makofi. Katibu alikuwepo. Alipiga makofi pia.

Mwenyekiti alieleza kwamba agizo lile lilitolewa kwa nia njema. Alisema hata kochi la kwake nyumbani lina nailoni mwaka wa sita sasa na halijapata doa. Bi. Révérienne aliuliza kama kochi linatazamwa au linakaliwa. Mwenyekiti alisema twende kwenye kura.

Kwa kuwa agizo la kikundi huondolewa kwa kura, kura zilipigwa. Walioafiki kuvua nailoni: wanne. Aliyepinga: Bi. Shadia. Fundi hakupiga kura kwa kuwa si mjumbe, na alipoombwa avue yeye alisema mikono yake leo iko kizimbani. Bi. Révérienne aliivua. Ilitoa mlio mrefu wa kuchanika, na Bi. Shadia aligeukia ukutani mpaka ilipokwisha.

CD ilirudishwa kwenye deki (a), ile ya kikundi. Gauni la Diana lilikuwa jeupe. Lilikuwa jeupe pee, na shanga za kifuani zilihesabika. Mwenyekiti alivua miwani akaipangusa, akasema hakujua kama siku ile mtoto alikuwa mzuri kiasi hicho. Kikao kilisubiri.

Picha ilikuwa safi kiasi kwamba nyuma ya meza ya maharusi alionekana Bw. Erasto akifunga samaki wanne, migebuka ya kukaanga, kwenye karatasi na kuitia mfuko wa ndani wa koti. Bw. Erasto aliomba CD isogezwe mbele. Ombi lilikataliwa kwa kauli moja na kipande hicho kikarudiwa mara mbili, kwa ajili ya kupima ubora.

Kuhusu sauti, Bi. Révérienne aliuliza kama vitambaa vilivyo juu ya spika navyo vina agizo. Vitambaa hivyo vilifumwa na Bi. Shadia, vina tabaka mbili na maua ya uzi mzito, na vimefunika spika zote tano uso mzima. Bi. Shadia alivitoa mwenyewe, kimoja kimoja, akavikunja mapajani. Mshereheshaji alisikika kama yuko mlangoni. Katibu anakiri kwamba alishtuka.

Kwa ombi la Mwenyekiti, Fundi alieleza nafasi ya deki katika haya yote. Alisema deki ya Blu-ray ni nzuri na hana ugomvi nayo, lakini nguvu yake iko kwenye diski za Blu-ray, na kikundi hakina hata moja. Ikicheza CD zetu itasafisha kidogo tu, haiwezi kuongeza kisichorekodiwa. Deki ya kikundi inasoma CD zilizochakaa za harusi na kipaimara, na hizo ndizo watu wanaleta. Deki (b) ilichezwa tena ili kuhakiki. Wajumbe waliona ahueni ndogo kwenye kingo za picha, kisha ikagoma kwenye mkwaruzo wa dakika ya kumi na tisa.

AZIMIO: Kikundi kibaki na deki yake. Nailoni isirudishwe. Vitambaa vya Bi. Shadia viwekwe mezani, ambako vitaonekana vizuri zaidi. Bi. Shadia aliomba neno "zaidi" lisisitizwe.

KUMB. NA. 5/5/2025: HATIMA YA FUNDI

Mwenyekiti alieleza kwamba kwa kuwa tatizo halikuwa la mtu yeyote, suala la Fundi life kimyakimya na kikao kifungwe, chai ipo. Bw. Erasto aliunga mkono haraka.

Fundi aliomba kuzungumza. Alisema, "Mwenyekiti, halikuwa la mtu yeyote vipi? Mwezi wa pili nilisimama hapa nikaonyesha kwa kidole. Mwezi wa nne nikarudia. Mkaniambia fundi ashughulike na deki. Leo asubuhi, baada ya kuitwa nijieleze, nimefungasha vifaa vyangu, mke wangu analia, nyinyi mnasema life kimyakimya."

Wajumbe walisema hawakumbuki. Mwenyekiti aliagiza Katibu afungue daftari, kwa kuwa yaliyosemwa yote yameandikwa humo.

Katibu alifungua. Kumbukumbu za mwezi Februari zinasomeka: "Fundi alitoa maelezo ya kitaalamu. Kikao kiliendelea." Kumbukumbu za mwezi Aprili zinasomeka: "Fundi alirudia maelezo yake." Hakuna kingine. Kwenye ukurasa huohuo wa Aprili, safari ya Bw. Erasto ya Dar es Salaam imechukua mistari kumi na mmoja.

Mwenyekiti alimuuliza Katibu kwa nini. Katibu alijibu kwamba Fundi huongea polepole, kwamba alikuwa amevaa ovaroli yenye mafuta, na kwamba hakudhani maneno yake yangehitajika. Aliona aibu, na ameona aiandike, kwa kuwa ni yeye mwenye kalamu.

Katibu alimwomba Fundi msamaha mbele ya kikao. Mwenyekiti naye aliomba. Bi. Shadia aliomba. Bw. Erasto alisema yeye alikuwa anauliza tu. Bi. Révérienne hakuwa na la kuombea msamaha, akatoka nje, akaanza kufungua kamba kwenye baiskeli ambako sanduku la vifaa vya Fundi lilikuwa limeshafungwa.

AZIMIO: Fundi Thobias aendelee na nafasi yake na kibaraza chake. Kwa kauli moja, baada ya Bw. Erasto kutazamwa.

Fundi alishukuru. Alisema atabaki, ila ana ombi moja: maneno yake ya mwezi wa pili yaandikwe leo, kama alivyoyasema. Katibu aliandika na kuyasoma kwa sauti: "Fundi alieleza kwamba anadhani ukungu unatokana na nailoni iliyo juu ya kioo."

Fundi alisema, "Hapana, Bi. Skola. Sikudhani."

Katibu alifuta. Yanasomeka sasa: Fundi alieleza kwamba ukungu unatokana na nailoni iliyo juu ya kioo.

KUMB. NA. 6/5/2025: KUFUNGA KIKAO

Kikao kilifungwa saa 12:15 jioni. Chai ilikuwa imepoa na ilinywewa hivyohivyo.

Mwenyekiti: F. Ruhaza (sahihi)
Katibu: S. Ntiyamila (sahihi)
Imesomwa na kukubaliwa, neno kwa neno: T. Ntakije, Fundi (sahihi)