Siku Ulipompulizia Baba Tarumbeta

Mpendwa dada Atupele,

Hapa Mpuguso mvua haijakatika, wiki ya pili sasa. Mama anakusalimu. Aliniambia nikuandikie habari za nyumbani, lakini kila nikishika kalamu nakumbuka siku ile ulipompulizia baba tarumbeta.

Ulikuwa msichana pekee katika bendi ya matarumbeta ya kanisa. Mzee aliyefundisha bendi alikupa tarumbeta lililobonyea, akidhani utachoka mwenyewe. Hukuchoka. Ulifanya mazoezi migombani hadi midomo ikavimba ukashindwa kunywa chai. Baba, mwalimu wa kwaya, alijifanya hasikii, kumbe anatabasamu.

Tabasamu hilo liliisha ulipokwenda Dar es Salaam kupiga jazi hotelini na kuimba zile nyimbo za taratibu za mapenzi. "Sikumlea aimbie walevi," alisema, na jina lako likakoma kutajwa nyumbani. Mimi nilikusikia redioni mara moja tu, nikiwa Tukuyu kwa fundi viatu. Uliimba wimbo wa zamani wa Kizungu, katikati ukaingiza maneno ya Kinyakyusa. Fundi akasimamisha sindano. Nilijivunia mno hata nikashindwa kumwambia kwamba huyo ni dada yangu.

Kisha baba akapata kiharusi. Nilipokupigia simu ukaja, ukamkuta hatoki kitandani. Hukuomba msamaha, wala hukudai kuombwa. Ulifungua mkoba, ukapuliza wimbo wa kanisani aliotufundisha yeye, kwa sauti ya chini, ukiuvuta kijazi. Halafu ukaliweka tarumbeta, ukauimba. Majirani waliokuja kumwona mgonjwa wakajazana mlangoni.

Baba akafumbua macho. "Mbona unachelewa kuingia?"

"Nachelewa makusudi, baba. Ndivyo tunavyoimba."

"Basi rudia. Chelewa tena."

Ukarudia, na mkono wake mzima ukawa unakuongoza juu ya blanketi kama anavyoongoza kwaya. "Ndaga fijo, mwanangu," bibi mmoja jirani akakushukuru, machozi yakimtoka. Nimewasikia wanamuziki wengi, dada. Sijaona mwingine aliyempata tena mzazi wake namna ile, bila neno moja la kujitetea. Siku ya nne tulimzika.

Kuna jambo sikukuambia. Miezi saba kabla hajaugua, tukiwa tunachuma chai, baba alisimama ghafla akasema, "Mpigie dada yako. Mwambie aje Krismasi." Namba yako nilikuwa nayo. Sikupiga. Nilihofu kwamba ukirudi, mimi niliyebaki na chai na ng'ombe sitaonekana tena. Alipouliza, nikamdanganya kuwa hupatikani.

Ukaja kukuta zimembakia siku tatu tu. Ukaondoka ukiamini kwamba hakukuhitaji mpaka ugonjwa ulipomshika. Si kweli, dada. Alikutaka akiwa mzima, anatembea, ana nguvu zake zote. Ni wivu wangu uliokunyima Krismasi ile.

Nakufahamu, utataka kunionea huruma. Usinionee. Nipigie, unigombeze kwanza mpaka uishiwe maneno, ndipo tusalimiane.

Mdogo wako,
Lusajo