Darubini ya Juu ya Paa

Munje, Msambweni

Kwa Baba Ummi, huko Maskati,

Salamu zako zimefika. Sisi wazima. Ummi ameota jino la mbele na anamng'ata kila mtu.

Waya ulioutuma niliuchomeka ulivyoniagiza: kwenye tundu la chini ya rimoti ya darubini, si lile la ubavuni linalofanana nalo, kisha kwenye kompyuta. Miaka yote nilikuwa nikibonyeza rimoti hiyo kwa kidole ili nyota isiponyoke katika picha tunazowauzia wageni wa Diani. Juzi kompyuta iliifuata nyota yenyewe, mimi nimekaa tu. Nikakupigia simu kwa furaha.

"Haikuhitaji tena?" uliniuliza.

"Hata kidogo, Baba Ummi."

"Basi hata mimi sikuhitaji. Nimekuacha. Ufunguo wa paani mpe Waziri."

Waziri, ndugu wa huyo mkeo mpya, alibisha hodi jana asubuhi.

"Nimekuja kushika kazi, dada."

"Mimi niko edani, na eda naikalia humu humu. Mwanamume wa kando haingii."

"Na wageni wangu wa leo?"

"Waoneshe mwezi kwa macho. Ukibisha, nenda kwa kadhi."

Akaondoka akikutukana wewe, si mimi.

Mvua ya masika ilianza jana jioni. Darubini iko juu ya paa, wazi, na kompyuta yako pembeni yake. Aliyekuwa akizifunika umemwacha.

Ni mimi,
Nusaiba, mama wa mwanao