Kura Zilizopimwa kwa Kilo

MAELEZO YA SHAHIDI

Kuhusu: kuvunjwa kwa kabati la kioo na kuchukuliwa kwa tuzo katika ofisi za jarida la muziki
Jina: limeandikwa kwenye jalada. Huitwa Mzee Mizani.
Umri: miaka 71
Kazi: msahihishaji mstaafu wa jarida, kwa sasa hujalidi vitabu
Makazi: chumba cha nyuma, ghorofa ya pili, juu ya duka la viatu. Ni mgeni mkaazi kwa miaka 44.

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nimeitwa kueleza jinsi mama fundi cherehani aliyeko mahabusu alivyovunja kabati, akachukua tuzo na kunijeruhi mkono. Nimekuja kwa miguu yangu na akili yangu ni timamu.

Nilianza kazi kwenye jarida hilo miaka arobaini na moja iliyopita. Mhariri wa kwanza, ambaye sasa ni marehemu, hakuniuliza nimetoka wapi. Alinipa ukurasa wenye makosa. Yeye alikuwa anayajua kumi na sita, mimi nikayaona kumi na manane. Siku hiyo hiyo nikapewa meza.

Mwaka uliofuata jarida lilianzisha tuzo za wasomaji. Toleo la mwezi wa kumi lilikuwa na kuponi kwenye ukurasa wa mwisho. Msomaji aliandika jina la mwanamuziki anayempenda, akaikata, akaituma kwa posta. Mwaka wa kwanza zilikuja kuponi mia sita na kumi na mbili, nikazihesabu peke yangu kabla ya chakula cha mchana. Mwaka wa nne yalikuja magunia kumi na tisa. Tulihesabu watu wanne kwa siku tisa, kila mtu na jumla yake, tukafika mahali pa kununiana kama mawifi.

Mwaka wa tano wa tuzo nikapata wazo. Nilihesabu kuponi elfu moja, mara tatu, nikazipima kwenye mizani ya chumba cha vifurushi. Zilikuwa robo kilo kamili. Kuanzia hapo tulichambua kuponi kwa majina, kila jina na sanduku lake, kisha tukapima. Kazi ya siku tisa ikawa ya siku mbili, nami nikapewa jina hili la Mizani. Habari hiyo haikutakiwa kutoka nje ya ofisi. Wasomaji waliandikiwa kwamba kura zao zimehesabiwa. Sentensi hiyo niliipitia mwenyewe kila mwaka kabla ya kwenda mtamboni, na sikuona kosa ndani yake.

Naomba jambo hili liandikwe pia. Kule nilikotoka niliondoka kabla sijapiga kura hata mara moja, na hapa mgeni hapigi. Kura pekee zilizowahi kupita mikononi mwangu ni zile za wasomaji. Nilikuwa nikinawa mikono kabla ya kufungua magunia.

Mwaka wa saba walishindana wawili. Mmoja ni kiongozi wa bendi aitwaye Tarumbeta, rafiki yangu, ambaye tulikuwa tukicheza drafti kila Jumapili. Wa pili ni mwimbaji wa kike aliyeitwa Chiriku, naye ndiye huyu mama fundi. Sanduku la Tarumbeta lilikuwa na kilo tisa na nusu, la Chiriku kilo nane na robo. Tarumbeta akapewa tuzo. Chiriku hakupanda jukwaani tena. Nilisikia amenunua cherehani.

Mnamo tarehe 14 mwezi huu, siku ya Jumatano, yaani jana, jarida lilifungua maonyesho ya miaka arobaini ya tuzo hizo. Mimi ndiye niliyeombwa kuandika historia yake, mwaka kwa mwaka, kwenye mbao za ukutani. Tarumbeta aliazimisha tuzo yake ya mwaka wa saba, ikawekwa ndani ya kabati la kioo. Mama fundi nilimpelekea kadi ya mwaliko mimi mwenyewe, kwa sababu niliona si haki kuwaalika washindi peke yao.

Saa nne na robo asubuhi tulikuwa watatu tu chumbani: mimi, Tarumbeta na mama fundi. Wageni wengine walikuwa chumba cha pili wakinywa chai na mhariri wa sasa.

Tarumbeta alisema, "Chiriku! Bado unashona, au macho yameshakugomea?"

Mama fundi akajibu, "Nashona. Na wewe bado unapuliza, au meno yameshahama nyumba?"

Tulicheka sote. Kisha mama fundi akasimama mbele ya ubao wa mwaka wa saba, akausoma mpaka mwisho. Akasema bila kugeuka, "Unajua, kaka, haikuniuma wewe kushinda. Walioniuma ni wasomaji. Nilijiambia, kama watu wenyewe wamekaa chini, wakashika kalamu, wakaandika jina la mwingine, basi mimi nilikuwa najidanganya. Mtu halazimishi kupendwa."

Tarumbeta akampiga begani kwa mzaha. "Wasomaji gani, dada yangu? Mshukuru karani wetu wa kura hapa. Yeye ndiye aliyeniambia kura zinapimwa kwa kilo."

Nilikumbuka pale pale. Ni kweli nilimwambia, Jumapili moja kwenye drafti, nikijisifia akili yangu.

Tarumbeta aliendelea, na alikuwa anacheka. Alisema bendi nzima na wake zao walibandika kuponi juu ya vipande vya majalada ya madaftari, kama elfu tatu hivi. "Mke wangu alikaa wiki nzima na gundi vidoleni, hata kujikuna hawezi. Mizani, usiniangalie hivyo. Mimi nilidhani uliniambia makusudi. Nikasema, rafiki ni huyu, amenifungulia mlango."

Kuponi hizo niliziona mwaka ule. Zilipita mkononi mwangu moja moja wakati wa kuchambua. Nilidhani ni mapenzi, kwamba waliozituma hawakutaka zikunjike njiani. Nilimwambia mwenzangu, "Mashabiki wa Tarumbeta wana adabu," nikazitia sandukuni. Kuponi iliyobandikwa jalada la daftari ina uzito wa kuponi nne. Mtu aliyebuni njia ile ndiye aliyepaswa kuliona hilo kabla ya mtu mwingine yeyote.

Hesabu ilijipiga yenyewe kichwani. Kilo tisa na nusu ni kuponi elfu thelathini na nane. Ukiondoa uzito wa ziada wa gundi na majalada, sawa na kuponi elfu tisa, zinabaki elfu ishirini na tisa. Za Chiriku zilikuwa elfu thelathini na tatu. Kuapa kwamba alishinda siwezi, kwa kuwa kuponi zote zilipelekwa kusagwa mwezi uliofuata, na idadi ya elfu tatu ni ya mdomo wa Tarumbeta. Ninachoweza kuapa ni kwamba hatukuhesabu.

Mama fundi hakupiga kelele. Aliuliza, "Kwa hiyo hawakunikataa?"

Tarumbeta aliacha kucheka. Mama fundi akanigeukia mimi. "Karani, nakuuliza wewe. Hawakunikataa?"

Miaka thelathini na minne. Nilifungua mdomo, sauti haikutoka. Kwenye meza ya maonyesho ilikuwepo ile mizani ya zamani pamoja na mawe yake. Nilichukua jiwe la kilo moja nikapiga kioo cha kabati, mara mbili, kwa kuwa mara ya kwanza kilipasuka tu. Nikaingiza mkono, nikatoa tuzo, ambayo ni kipaza sauti cha shaba juu ya kibao, nikaiweka mikononi mwa mama fundi. Hakuiomba. Hakuligusa kabati. Damu iliyokuwa kwenye tuzo na kwenye gauni lake ni yangu. Saa ya ukutani ilionyesha saa nne na dakika arobaini.

Mhariri aliingia mbio. Alimwona mama fundi ameshika tuzo na mimi navuja damu. Akapaza sauti, "Pole, mzee wangu! Umepambana na mwizi kwa umri huu!" Nilitaka kumwambia sivyo, na mdomo ulikataa tena. Katibu muhtasi alinifunga kitambaa akanipeleka zahanati. Nilishonwa nyuzi tano, nikachomwa sindano iliyonilaza hadi asubuhi.

Leo saa moja katibu muhtasi alikuja kunijulia hali, ndipo nikajua kwamba mama fundi amekamatwa. Kwa maelezo ya katibu, ambayo mimi sikuyasikia mwenyewe, Tarumbeta alipoulizwa nani amevunja kabati alijibu, "Muulizeni aliyeishika." Mama fundi naye hakusema neno lolote.

Nilipofika kituoni saa tatu kasoro robo nilimwona amekaa kwenye benchi la ukumbini, akisubiri kuhojiwa. Aliniambia kwa sauti ya chini, "Nyamaza, karani. Mimi hapa ni kwetu, watanitoa tu. Wewe una kibali cha kukiangalia." Ni kweli. Kibali changu cha ukaazi hupitiwa upya kila baada ya miaka miwili, na mwenye kesi haongezewi muda. Kule nilikotoka hakuna tena mlango wa kubisha. Nimeyafikiria hayo na bado nasema: aliyevunja ni mimi, na aliyechukua tuzo ni mimi.

Nimeulizwa na afisa kwa nini nilivunja kioo badala ya kuzungumza. Jibu: maneno hayakuja. Nimeulizwa kama nilikuwa na nia ya kuiba. Jibu: maonyesho yale niliyapanga mimi, na ufunguo wa kabati ulikuwa mfukoni mwa koti langu. Nimeukuta leo asubuhi.

Nimeyasema haya bila kushurutishwa, nimeyasoma mwenyewe, na kila kilichoandikwa ndicho nilichokiona na nilichokitenda.

(Sahihi ya shahidi, kwa mkono wa kushoto)

MAELEZO YA AFISA

Maelezo haya yameanza kuandikwa saa 3:10 asubuhi na kumalizika saa 5:05. Kwa kuwa shahidi amekiri kosa, nimeacha kumchukulia kama shahidi na kumpa onyo. Maelezo yake yatachukuliwa upya kama mtuhumiwa. Ameweka kibali cha ukaazi juu ya meza kabla sijakiomba. Nimekipokea na kukiambatisha.

Mwanamke aliyekuwa mahabusu ameachiwa saa 5:20 na kurudishiwa mkoba wake. Nimemweleza kwamba yuko huru kwenda nyumbani. Amejibu kwamba hana haraka, anamngoja karani. Mpaka ninapofunga jalada hili bado yuko kwenye benchi.