Nahodha Amesahau Bandari

Jumapili, Sofu. Wingu limekaa juu ya mabati tangu asubuhi, halinyeshi wala haliondoki. Nguo nimeanika, nimeanua, nimeanika tena. Sina raha, na leo siwezi kusingizia hali ya hewa.

Kesho Baba anamchukua Nuru, mwanangu, kwenda naye Kisarawe likizo nzima, kwa pikapu yake. Ndivyo ilivyopangwa.

Baba ni dereva mstaafu. Maisha yake yote ameendesha magari ya serikali kule Kisarawe, na hakuna shimo la njia ya Maneromango asilolijua. Ukimwelekeza njia anakutazama kama umemtukana. "Barabara haipotei, anapotea dereva," huo ndio msemo wake, tumeusikia hadi umetuchosha. Mabosi hakuwaogopa hata kidogo. Mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa anamwamrisha: marehemu Shangazi Mwanahawa, dada yake mkubwa, aliyemlea tangu bibi alipofariki. Shangazi akisema kaa, Baba na mvi zake anakaa. Mimi nimerithi sura ya Shangazi, na sauti, na wapo wanaosema hata mdomo.

Haya, gemu. Mwaka jana nilimnunulia Nuru gemu la maharamia. La watoto kabisa, halina damu. Mizinga inarusha matikiti, na ukianguka baharini nyangumi anakutema juu ya meli yako, kofia iko kichwani vilevile. Nilidhani Baba ataliita upuuzi. Siku aliyoshika rimoti mara ya kwanza, ugali ulipoa mezani. Akajitangaza nahodha. Nuru akapewa darubini, kazi yake kutazama mbele. Mimi nikapewa matikiti, kwa kuwa, alisema mzee, nina hasira nyingi za bure.

Tangu hapo kila mwisho wa wiki yuko kwangu. Ramani ya gemu hataki hata kuifungua. Visiwa vyote aliviweka kichwani kama alivyoviweka vijiji vya Kisarawe, na meli anaiegesha kinyumenyume, pua imeangalia kutokea, kama anavyoegesha pikapu.

Mwezi uliopita ndipo aliposhindwa kurudi nyumbani. Kwenye gemu, nasema. Bandari ya nyumbani ina mnara mwekundu, kila safari inaanzia pale na kuishia pale, hata mtoto wa chekechea hawezi kuukosa. Baba alizunguka, akaupita, akazunguka tena. Nuru akacheka akidhani ni utani. Mimi nikacheka. Baba naye akacheka, ila kicheko chake kilichelewa, kikaja nyuma ya vyetu.

Hicho kicheko nimekaa nacho mwezi mzima.

Nilimpigia kaka yangu Idrisa, yuko Dodoma. Akaniambia, "Uzee tu huo, mwache mzee ale pensheni yake." Ukiwa Dodoma ni rahisi kusema. Na mimi nikajipa moyo kwamba gemu ni gemu, vijana wenyewe wanapotea humo.

Basi leo baada ya chakula wamekaa na gemu lao, mimi jikoni naosha vyombo. Nuru akaja kunywa maji. Akasimama na kikombe, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mama, kesho si nitakaa mbele?"

Nikamwambia atakaa anapopenda, kwani kuna nini?

"Nikikaa kwa dirishani Babu anakiona kidole changu."

Kidole gani?

"Namwonyeshaga njia. Kama kwenye gemu."

Bomba lilikuwa wazi, maji yanamwagika, na mimi sikulifunga. Nikamuuliza taratibu, maana mtoto ukimshtua anafunga mdomo. Akasema kwamba siku ile walivyochelewa kurudi kutoka Kisarawe, ile Baba aliyoniambia wamepata pancha, haikuwa pancha. Babu alishika njia ya Maneromango badala ya kuja huku. Walikwenda sana, hadi pakawa na miti tu, kisha Babu akazima gari katikati ya barabara na kumuuliza, "Hivi sisi tunakwenda wapi?"

"Nikamwambia kwa Mama, kule Sofu. Akaniambia nisikwambie, utamgombeza."

Ana miaka minane huyu. Na alikuwa anajivunia, ndicho kinachoniuma. Alidhani ni kazi yake ileile ya darubini.

Kutoka sebuleni nilikuwa nasikia muziki wa bandari. Ukiondoka bandarini ule muziki hubadilika, na ule haukubadilika. Ulikuwa unarudia palepale, na katikati yake kitu kinagonga, kinatulia, kinagonga. Nikamwachia Nuru sinia la mchele achambue, nikaenda.

Baba alikuwa peke yake mbele ya TV, anaigongesha meli kwenye gati. Anarudi nyuma kidogo, anakwenda mbele, inagonga. Uso wake umetulia kabisa, hana shaka hata moja. Mnara mwekundu ulikuwa pale pembeni unawaka, na yeye alikuwa anautafuta mlango wa kutokea mahali pasipo mlango.

Nikakaa nafasi ya Nuru. Ufunguo wa pikapu niliuona mfukoni mwa shati lake, kile kikamba chekundu kinaning'inia. Kupitia dirishani pikapu yenyewe ilionekana, pua imeelekea barabarani, tayari kwa kesho. Nikatafuta pa kuanzia, nikakosa. Kumnyang'anya Baba ufunguo ni kumvua nguo mbele za watu. Nilijua atakachosema, nilijua na mlango atakavyoubamiza, na nilijua kwamba ataondoka na hilo gari papo hapo ili kunionyesha.

Nikasema, "Baba." Hakugeuka. Meli ikagonga.

Nikapaza sauti kwa ukali, "Hebu acha hilo gemu unisikilize."

Akageuka. Akanitazama usoni muda mrefu, na uso wake ukaanza kulainika hadi ukawa wa mtoto aliyefumwa na sukari mdomoni. Akaweka rimoti chini, akakusanya miguu, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, Dada Mwanahawa."

Baba yangu mzazi ameniamkia shikamoo.

Tangu nijue kusema, hilo neno limetoka kwangu kwenda kwake. Kuliitikia niliona ni kumkalia kichwani. Kunyamaza ni kumwacha ananing'inia, na alikuwa ananitazama akisubiri, ana hofu kwamba dada yake amekasirika kiasi cha kutomwitikia. Nikamfikiria Nuru na kidole chake kwenye kioo.

"Marahaba," nikasema. "Leta huo ufunguo."

Akautoa. Akanipa kwa mikono miwili, kisha akasema kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Dada, sijamgonga mtu."

Nikamwambia najua. Nikamwambia apumzike. Akajinyoosha kwenye kochi kama alivyoambiwa, na muda si mrefu akapitiwa na usingizi. Nikazima TV. Nikaenda bafuni, nikafungulia maji Nuru asisikie, nikalia hadi kifua kikauma.

Sasa jua linazama na ninaandika haya nikiwa nimeukalia ufunguo, maana sijapata mahali pa kuuficha panaponiridhisha. Idrisa nimempigia tena. Safari hii hakuleta habari za pensheni, amesema kesho anapanda basi. Nuru haendi likizo. Hospitali tutakwenda, Baba atake asitake, hata akinilaani njia nzima.

Lakini hospitali siiogopi. Naogopa alfajiri. Baba huamka mapema kama madereva wote, huanza kwa kupapasa mfuko wa shati. Anaweza kuamka Baba yangu mwenyewe, mkali, anataka ufunguo wake, na hapo nitamjibu mimi bintiye, si Shangazi. Naomba iwe hivyo, anifokee hadi majirani watoke nje.

Au ataamka kama alivyolala, akanitazama, akaanza kuinamisha kichwa. Basi kabla hajafungua mdomo nitamwahi mimi na shikamoo.