Ukurasa wa Mia na Msomaji Asiyealikwa

Mlandege, Iringa. Jumamosi, Juni 1974. Upepo tangu alfajiri. Jua lipo, lakini ni la kutazama tu.

Leo ni ukurasa wa mia. Nimehesabu mara mbili, maana sijiamini, na tangu Jumatatu simwamini mtu mwingine yeyote.

Mia moja! Mwanamke wa Mombasa aliyevuka mpaka kuja kufundisha ushonaji, aliyeapa kwamba hatamaliza mwezi kwenye baridi hii, ameandika kila siku bila kukosa. Hata siku ile nilipoandika maneno manne tu: "Baridi. Baridi. Nataka kwetu."

Basi nikaamua kusherehekea. Jana nilikanda unga wa mahamri, nikaufunika kwa kanga na sweta juu yake, maana huku hata hamira inataka kubembelezwa. Hotuba nilikwishaitunga kichwani. Tatizo lilikuwa wageni. Utamwalikaje mtu kwenye sherehe ya kitu usichotaka ajue kwamba kipo?

Na hapo ndipo penye jambo lenyewe.

Kuna mtu anaisoma shajara hii.

Jumatatu nilikuta daftari limelala kifudifudi sandukuni. Mimi hulilaza chali. Jumatano mwenye nyumba, Mama Kihwele, akaniletea blanketi bila kuombwa. Habari za baridi yangu ya usiku sijamwambia mtu, nimeiambia karatasi tu. Nikalipokea blanketi kwa mikono miwili huku namkagua usoni. Anajua nini zaidi?

Halafu kuna Tulinagwe. Tumepanga naye uani kwa Mama Kihwele, chumba chake na changu ukuta mmoja, chakula tunapika pamoja. Ni Mnyakyusa, mpiga chapa katika ofisi moja mjini, msichana wa kucheka mpaka majirani wakacheka bila kujua sababu. Wiki hii nzima hacheki. Ijumaa ya wiki iliyopita alikwenda Mbeya, "kumwona shangazi." Jumapili akarudi macho yamevimba, akasema ni vumbi la njiani. Nikimuuliza neno, ananijibu nusu.

Nikalitia sanduku kufuli, ufunguo nikauvaa shingoni kama hirizi.

Leo asubuhi nipo uani, mafuta yamechemka, hamri la kwanza limeumuka vizuri, mara akaingia Mzee Kikoti, balozi wetu wa nyumba kumi, kiongozi wa chama hapa mtaani, na wazee wawili nyuma yake. Mama Kihwele akatoa viti. Tulinagwe akasimama mlangoni pake.

"Shikamoo, Balozi."

"Marahaba. Mwalimu, tumekuja kwa wema. Watu wanasema unaandika."

"Mimi ni mwalimu, mzee. Kuandika ndiyo kazi yangu."

"Siyo mambo ya shule. Kila jioni, pale dirishani. Sasa mgeni akiandika kila siku, lazima yuko mtu anamwandikia. Ni nani huyo?"

Jaribu wewe kumweleza balozi wa nyumba kumi kwamba unamwandikia kila siku mtu ambaye hayupo! Wazee wakatazamana. Hamri likaungua.

Mzee Kikoti hakuwa anatania. Akilipeleka neno hili ofisi ya kata, kibali changu cha kazi kitawekwa mezani, na nitarudishwa Kenya na jina la jasusi. Na kulikuwa na balaa la pili. Ukurasa wa thelathini na saba wote unamhusu yeye. Nimeandika kwamba mkutanoni huongea kama anayetafuna nyama ya ng'ombe mzee, na kwamba kofia yake ina madaraka kuliko kichwa kilicho ndani.

"Lete tusomewe," akasema. "Kama ni mema, tutafurahi wote. Macho yangu hayaoni mwandiko mdogo. Wewe binti wa ofisi, njoo utusomee."

Tulinagwe akaja anafuta mikono kwenye kitenge. Nikafungua sanduku, nikampa daftari.

Hakupekua. Alifungua moja kwa moja pale Mama Kihwele aliponifundisha kusonga ugali, mwiko ukanishinda, nikauvunja. Mama Kihwele akapiga makofi. Kisha Tulinagwe akasoma siku yangu ya kwanza mtaani, mzee mmoja aliponisalimia kwa Kihehe, "kamwene," kwa heshima zote, nami nikamwitikia "marahaba" kama mama yake mzazi. Balozi alicheka mpaka akakohoa. Kumbe mzee mwenyewe alikuwa mmoja wa wale wawili waliokaa pale!

Tulinagwe akaendelea hivyo, ukurasa huu anasoma, ule anaufunua haraka. Wa thelathini na saba aliuruka kama mtu anavyoruka dimbwi kwenye njia ya kwao, bila kutazama chini.

Nikajua.

"Hakuna neno hapa," Mzee Kikoti akasema mwishowe. "Andika tu, Mwalimu. Na mimi uniandike, lakini useme nilikuja kwa wema."

Nimesema. Alikula mahamri matano.

Walipoondoka, nikamgeukia Tulinagwe. Hasira na shukrani zilinijia pamoja.

"Umesoma yote?"

"Yote. Nilifungua sanduku kutafuta sindano, nikaona jina langu."

"Na blanketi?"

"Nilimwambia Mama mimi. Uliandika baridi kwa herufi kubwa, nikakuonea huruma." Akanirudishia daftari. "Wewe hukunionea huruma, Zaituni. Ukurasa wa themanini na nne."

Siku ile natoka Mbeya kuchukua vitambaa vya chuo, basi lilisimama Uyole. Sokoni nikamwona Ambakisye, mchumba wake, ambaye Pasaka alikula nasi hapahapa. Amembeba mtoto mabegani, na mwanamke amemshika mkono. Nikaandika yote. Nikamaliza kwa "maskini Tulinagwe," kisha nikaendelea na habari za bei ya vitambaa.

Siku kumi na sita tumekula sahani moja, nami kimya.

"Hakuna shangazi," akasema. "Nilikwenda kuangalia. Mtoto anamwita baba. Jumatatu nikausoma tena ukurasa ule, nikitumaini nimekosea herufi."

Wiki nzima nimemwinda mwizi wa maneno yangu. Kumbe mimi ndiye niliyeficha yaliyokuwa haki yake kuyasikia, nikajiambia ni busara. Haikuwa busara. Niliogopa kumwona akilia.

Nikamwomba radhi. Hakusema amenisamehe. Alichukua hamri, akakaa kwenye kiti alichokalia balozi, akala polepole. Nami nikakaa chini karibu yake. Akalia, nikamwona akilia, wala sikufa.

Hotuba ya ukurasa wa mia sikuitoa.

Kesho anakwenda kanisani. Akirudi tutaota jua uani, nimweleze jambo lililonitoa Mombasa, ambalo hata humu sijathubutu kuliandika. Atalisikia yeye kwanza.